Houston, Minneapolis na Wivu wa Baba Yako

Doonside, Jumamosi alasiri

Mwanangu Wakesho,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi, na kwaheri nitakupa kesho uwanja wa ndege mbele za watu, kwa hiyo hapa nayaruka yote mawili. Umeenda Guildford kuagana na rafiki yako Furaha na mama yake. Masanduku yako yamesimama sebuleni. Nimeyapisha mara tatu nikienda kuwasha birika, na mara zote tatu nimeyaambia "samahani" kana kwamba ni watu. Sasa nimekaa mezani na daftari la mistari.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kulala mapema na kupokea simu. Hayo umeyasikia miaka ishirini na miwili, na siku hizi ni wewe unayenikumbusha mimi. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua utasoma polepole, ukisogeza kidole chini ya mstari, na ndivyo ninavyotaka. Ningeandika kwa Kiingereza ungemaliza kabla ndege haijaacha ardhi.

Nianze na lililo zito. Namwonea wivu mama yako. Usidhani nasimulia ya zamani yaliyokwisha. Namwonea leo, saa hii, nikiitazama ile skafu ya sufu uliyomnunulia na kuifunga kwa karatasi ya dhahabu. Skafu ya sufu, kwa mtu anayeishi Houston! Ulipoileta nilicheka. Halafu nikaingia bafuni nikakaa humo muda mrefu, kwa sababu mimi ndiye ninayesimama stesheni alfajiri nikingoja treni ya kwenda St Marys, na shingo yangu iko wazi. Ndiyo, binti yangu, mtu wa miaka hamsini na minne anaweza kuionea wivu skafu.

Voi nilikuwa mwalimu wa jiografia. Hilo unalijua, lakini hujui nilivyokuwa. Kidato cha pili waliniita Mwalimu Ramani, maana niliweza kuichora Amerika yote ubaoni bila kutazama kitabu, na maziwa yake makuu na mito yake, kisha miji nikaiweka kwa nukta moja moja. Mama yako alikuwa nesi hospitali ya wilaya. Viza ya kuja Sydney ilikuwa yake. Mimi na wewe, ukiwa na miaka minne, tulikuja tumeandikwa chini ya jina lake. Nilidhani nitafundisha hapa. Nikaambiwa vyeti vyangu havitoshi, nirudi chuo. Nikasema nitarudi mwaka ujao. Mwaka ujao ukawa ghala la St Marys na mashine ya kuinua mizigo, na mpaka leo ndiyo ninayoendesha.

Kazi yenyewe haikuniumiza. Kilichoniumiza ni kitu kidogo sana. Tulialikwa sherehe ya Wakenya kule Blacktown, na mwenye sherehe akanishika bega akawaambia wageni: "Huyu ndiye bwanake Sista Saru." Watu wakanipa mkono kwa heshima kubwa kabisa, wakaanza kunisimulia jinsi mama yako alivyowasaidia. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini. Nilirudi nyumbani nimenuna. Mama yako akaniuliza, "Baba Wakesho, umekula nini kibaya?" Nikamwambia ni pilau. Nililisingizia pilau, mwanangu, na tangu siku hiyo kila alipopanda ngazi moja kazini nilijihisi mimi nimeshuka moja.

Ulikuwa na miaka tisa alipopata kazi Houston. Alikuja na karatasi mkononi, amevaa sare bado, uso unang'aa.

"Huko nitakuwa msimamizi wa wodi," alisema. "Na nimeuliza, walimu wanatafutwa. Unaweza kurudi ubaoni."

"Kwa hiyo nikufuate tena."

"Kunifuata au kwenda pamoja, si ni maneno tu?"

Kwangu hayakuwa maneno tu. Lakini sikusema. Tukakubaliana atangulie yeye, sisi tumfuate baada ya miezi sita. Fomu zikaja. Zilitaka sahihi yangu mahali pawili. Nikaziweka juu ya friji, na hapo juu ya friji zikakaa mpaka muda wake ukapita. Mama yako alipiga simu kuuliza, nikamwambia wewe hutaki kuacha shule. Mwezi uliofuata akauliza tena, nikamwambia bado unalia ukisikia neno Amerika. Mara ya tatu aliuliza kwa sauti ya mtu ambaye jibu analijua. Wewe hukuwahi kulia. Hukuwahi hata kuulizwa.

Asubuhi moja unavaa soksi za shule, ukaniuliza, "Baba, Mama anatuita lini?"

Nikakujibu, "Hajatuita."

Neno moja. Kiswahili chetu kina uwezo huo, neno moja kubeba sentensi nzima na uongo wake wote. Ulivaa soksi ya pili, ukachukua begi, ukatoka. Hukuniuliza tena kwa miaka kumi na mitatu. Mama yako alikuja kututembelea mara mbili, na mara zote mbili ulikaa naye kama mgeni anayekaa na mgeni mwenzake, nami nikawapikia, nikawaangalia, na ndani yangu nikafurahi. Naliandika hili nikiona haya, lakini nilifurahi.

Basi mwaka huu zikaja zile barua mbili za chuo, moja Houston, moja Minneapolis, kozi ileile ya miaka miwili ya sayansi ya maabara. Ukasema, "Nisaidie kuchagua, wewe ndiye mwalimu wa ramani." Unakumbuka nilivyochangamka. Nilichukua karatasi kubwa, nikachora jedwali, nikalibandika kwenye friji. Upande wa Houston niliandika: joto, unyevu, vimbunga, huwezi kwenda popote bila gari. Neno "mafuriko" nililiandika kwa kalamu nyekundu na kulipigia mistari miwili. Upande wa Minneapolis niliandika: maziwa, treni, utulivu, misimu minne.

Ulisimama ukalisoma huku unakula tosti. "Baba, misimu minne maana yake theluji miezi mitano?"

"Theluji ni sehemu ya elimu," nikasema.

Mimi, ambaye navaa soksi mbili mbili Sydney mwezi wa saba.

Nikachukua likizo yangu yote niliyoilimbikiza tukaenda kuiona miji yenyewe. Ulidhani nakusindikiza. Kwa kweli nilikuwa wakili wa Minneapolis. Tulifika mwezi wa tatu, na unakumbuka yule dereva wa teksi, Msomali aliyekulia Mombasa, alivyoruka kwa furaha kusikia Kiswahili changu. Nilikaa mbele ili nimwongoze.

"Ndugu yangu, mwambie binti yangu, mji huu si mzuri?"

"Mzuri," akasema. "Kwa mwanafunzi mzuri sana. Watu wana adabu, shule nzuri, treni zipo. Sasa wewe mzee ukitaka kuja kumwona, njoo mwezi wa saba. Baridi ya hapa haimjui mkubwa wala mdogo."

Wewe nyuma ukacheka. Mimi nikatazama dirishani.

Siku ya pili nikateleza kwenye barafu mbele ya kituo cha treni, nikaanguka chali, na kabla hujanifikia nikasema, "Pazuri sana hapa." Tulisimama kando ya ziwa lililoganda, mzee mmoja ameketi juu yake kwenye kiti kidogo anavua samaki kwenye tundu. Nikakuambia, tazama amani hiyo. Vidole vya miguu sikuvihisi tena. Lakini nisiudhulumu mji ule. Niliona uso wako ulipoingia maabara yao. Niliona ulivyopenda yale madaraja ya kioo yanayounganisha majengo kule ghorofani, watu wakitembea mji mzima bila koti. Mwalimu wako mtarajiwa alikaa nawe saa nzima akisikiliza swali lako. Ulitoka umesimama wima. Minneapolis ulikustahili, na kama ungeuchagua kwa moyo wako mwenyewe nisingekuwa na la kuandika leo.

Kisha tukashuka Houston. Mlango wa uwanja wa ndege ulipofunguka, joto likatupiga usoni kama mvuke wa sufuria, ukavua koti na kusema, "Baba, ni kama Mombasa!" Mombasa ambayo uliiona mara moja tu, ukiwa na miaka kumi na mitano, na ulilalamika joto likizo nzima. Mama yako alikuwa amesimama pale na funguo za gari, nywele zimeingia mvi pembeni. Akasema "Karibuni" na sauti ikamkatika katikati.

Barabara zile hazijaniacha. Moja juu ya nyingine, ya tatu juu yake, magari yanapita kichwani na chini ya miguu, na mji hauishi. Tuliendesha karibu saa nzima na mama yako akasema bado tuko Houston. Hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Nilitaka kukugusa bega nikwambie, si niliandika? Lakini ulikuwa umelala begani kwake kwenye taa nyekundu, ukaamka taa ikiwa kijani, nami nyuma nikayaona hayo yote.

Tulipofika kwake jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta viatu vya mwanamume mlangoni. Havikuwepo. Nilitegemea ningefarijika, lakini niliudhika zaidi. Angekuwa na mtu, ningekuwa na wa kumchukia. Hapakuwa na kitu, ni nyumba safi ya mwanamke anayefanya kazi, na sufuria jikoni.

Jioni hiyo mlipika kimanga, ile mihogo na maharage ya kuponda pamoja, kama anavyopika nyanya yako Taita. Mimi nilikuwa sebuleni na runinga imewashwa. Nikasikia: "Mama, nipe mwiko. Hapana, ule mkubwa. Huu utavunjika." Kisha ukacheka ukasema, "Mama, umetia chumvi mara mbili, mimi nimekuona."

Wakesho, nilizima runinga. Nilidhani nimesikia vibaya. Mimi unanijibu kwa Kiingereza hata nikikuita kula. Miaka yote nasema nawe Kiswahili, unanirudishia Kiingereza, nikajiambia ndivyo watoto wa hapa walivyo, masikio yao yako kwetu na ndimi ziko Blacktown. Kumbe ulimi ulikuwepo. Baadaye ulinieleza kwamba ulikuwa unajifunza kwa ajili yake, tangu mwaka jana mkiongea kwa simu Jumamosi nikiwa kazini, kwa sababu mimi nilikuwepo tu kila siku na yeye ilibidi umfikie. Ni jibu la haki. Lakini jioni ile sikuwa nalo. Nilikula kimanga kile na kila tonge lilikuwa na mwiba.

Kesho yake uliposinzia mchana, mama yako aliniita barazani. Hakuzunguka.

"Kuna chumba hapa. Akichagua Houston, akae kwangu, kama anataka."

"Mwambie mwenyewe."

"Siwezi. Mimi ndiye niliyeondoka. Nikimwomba mimi, ataona namlazimisha alipe miaka. Na zaidi ya hayo, anakuogopea wewe. Hataki uumie. Ukimwambia wewe, atajua ana ruhusa yako." Akanitazama. "Utamwambia, Baba Wakesho?"

"Nitamwambia."

Siku ya kuondoka, tumekaa pale mlango wa kupandia ndege, ukaniuliza huku unatazama viatu vyako, "Baba, Mama alisema chochote? Kuhusu mimi kukaa kwake?"

Nikakujibu, "Hakusema."

Neno moja tena. Na lilipokuwa linatoka nililitambua. Nilimwona mtoto wa miaka tisa mwenye soksi moja. Nilikuwa na muda wa kulirudisha, ndege ilichelewa, tulikaa pale tukanywa kahawa. Sikulirudisha. Ulisema, "Sawa," ukatoa simu, na kabla hatujafika Sydney ulikuwa umeshaniambia kwamba ni Minneapolis.

Nilipata nilichokitaka na sikupata usingizi. Hata hivyo ningenyamaza mpaka leo, nakwambia ukweli. Kilichonivunja ni ujumbe wa mama yako, wiki mbili baadaye, niko ghalani mapumziko ya chai. Aliandika: "Baba Wakesho, asante kwa kumfikishia maneno yangu. Ameamua, nami nimekubali. Asante kwa kunitendea haki." Nimewahi kutukanwa na kudharauliwa katika maisha yangu. Sijawahi kuumizwa kama nilivyoumizwa na asante ile.

Siku iliyofuata nilikuambia, ndani ya gari, kwenye maegesho ya stesheni ya Doonside. Nilikuambia yote mawili, la chumba na la fomu za zamani. Zilikuwa zimebaki siku nane kabla ya chuo cha Houston kufunga mlango. Hukupiga kelele. Uliniuliza swali moja, na uliniuliza kwa Kiswahili, mara yako ya kwanza kwangu: "Kwa hiyo alituita?"

"Mara tatu," nikasema.

Ukashuka, ukaacha mlango wa gari wazi, ukapanda treni.

Siku nne hukurudi. Siku ya kwanza jioni mama Furaha alinipigia na Kiswahili chake cha Kongo: "Baba Wakesho, mutoto iko kwangu. Anakula, analala. Usikuye kumufata. Umuache pole-pole." Nilimshukuru mpaka akachoka. Mama yako naye alipiga, wewe ukiwa umeshaongea naye. Hakunitukana. Alisema, "Miaka kumi na mitatu nilijua mwanangu hakunitaka," kisha akakata. Nilikaa na ile simu sikioni. Mimi nilijiona nimemnyang'anya mama yako. Siku hizo nne ndipo nilipoona kwamba nilikunyang'anya wewe pia, kila jioni ambayo ungeweza kulala ukijua unatafutwa.

Uliporudi ulikaa kiti hiki hiki ninachokalia. Ulisema unakwenda Houston. Nikakuuliza kama ni kwa sababu umenikasirikia.

"Nimekukasirikia," ulisema. "Lakini ningekukasirikia hata Minneapolis. Nakwenda kwa sababu nataka kujua angekuwa mama wa namna gani. Nina miaka miwili tu ya kujua kabla sijawa mtu mzima kabisa."

Nikataka kusema, na maabara? Na treni? Nilimeza.

Sasa nikupe hesabu ya haki ya miji hiyo miwili, maana ile niliyoibandika ilikuwa ushahidi wa uongo. Minneapolis ni mji wa mtu anayejitosheleza. Utatoka nyumbani kwa miguu, utafika, mpangilio wake utakubeba hata siku usiyo na nguvu. Lakini miezi ya baridi ingekufungia ndani na mawazo yako, na ungekuwa huna mtu wa kumgongea mlango. Houston ni mji unaokulazimu kuhitaji watu. Bila gari la mama yako utakwama, na mvua ikinyesha vibaya njia zitajaa maji, hilo sikulitunga, nililipigia mistari tu kupita kiasi. Maabara yao ni ndogo kidogo kuliko ile ya kaskazini. Ila mtu wa Houston atakuuliza umetoka wapi akiwa tayari anakusogezea sahani, nilimwona jirani mmoja wa mama yako akifanya hivyo. Kama wewe ungekuwa mgeni wa kupita siku tatu, ningekwambia nenda Minneapolis mwezi wa saba, yule dereva hakukosea. Kwa kuishi, kwa mwaka huu, kwako wewe, ni Houston. Imenichukua miezi kuiandika sentensi hiyo.

Nimejiuliza nikupe nini ubebe kutoka kwenye maisha haya, na mengi niliyonayo hayafai hata kwa mchango wa kanisa. Lakini hili ninalo. Wivu wangu haukuwahi kujitambulisha kwa jina lake. Ulikuja kila mara ukijiita ulinzi. Namlinda mtoto asihame shule. Namlinda asipate mafuriko. Ukijikuta siku moja unamlinda mtu dhidi ya kila kinachompendeza, kaa chini ujiulize unamlinda nani.

Na ule usiku wa sherehe ya Blacktown, ningemwambia mama yako palepale garini, "Nimeumia kuitwa bwanako," najua angefanya nini. Angecheka, angenipiga bega, angesema kesho tutafute hicho chuo cha ualimu. Ingekuwa imekwisha. Badala yake nililisingizia pilau, na maneno yaliyonikwama kooni usiku ule yakaja kutoka miaka baadaye kwa sura nyingine. Atakayekuoa, au utakayemwoa, maana Kiingereza chenu hakitofautishi, mwambie unapoumia, siku hiyohiyo, hata kama ni jambo la aibu. Jambo la aibu likisemwa ni dogo.

Na ukipewa maneno ya mtu uyafikishe kwa mtu, yafikishe yakiwa ya moto. Hata kama yatakuunguza mikono.

Leo asubuhi ulipokuwa unaoga nilimpigia mama yako. Mimi mwenyewe, si kwa kuulizwa. Nilimpa saa ya ndege na namba yake, nikamwambia kwamba ukichoka hupendi kuulizwa maswali, unapenda kupewa chai na kuachwa. Nikamwambia ukila mayai unaacha kiini. Nilikuwa ninampa vitu vyangu, Wakesho, vitu ambavyo mimi peke yangu hapa duniani nilikuwa navijua, na kila kimoja nilikitoa kama jino.

"Naandika," alisema. Nilisikia kalamu.

Kisha nikamwomba msamaha, kwa la fomu na la chumba. Akasema, "Sijakusamehe bado. Nisikudanganye." Halafu akasema, "Lakini umemlea vizuri. Hilo nalo nisikudanganye." Nikasema nashukuru. Akasema atakuwa uwanjani saa mbili kabla ndege haijatua, maana huenda upepo ukaisukuma mbele.

Sijapona, mwanangu. Usipande ndege ukidhani umemwacha baba aliyebadilika. Nitakapoona picha yako na yake kwenye simu nitaikuza kwa vidole nitazame umeketi karibu naye kiasi gani. Nitahesabu siku anazokupiga picha. Nitamwonea wivu kwa kila chai atakayokuletea ukiwa umechoka. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba wivu huo nitaubeba mwenyewe, hapa Doonside, na sitakutuma uje unisaidie kuubeba.

Ila nakuomba jambo moja. Itafika siku, labda ni mwezi wa pili, labda wa tatu, utanipigia na sauti yako itakuwa na furaha. Utakuwa umetoka mahali na mama yako, mmecheka, mmepotea njia kwenye zile barabara zao, utataka kunisimulia yote kwa pamoja. Nisimulie. Usiyapunguze hata kidogo kwa ajili yangu. Nami nitanyamaza kidogo, huenda hata dakika nzima, hutasikia kitu. Usikate simu. Nitakuwa nipo, nauvuka wivu wangu, nakuja.

Baba yako